Wasifu na barua ya maombi ya kazi ya ufundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi umeme, mchomeleaji, fundi bomba, fundi magari, fundi viyoyozi, seremala wa kiwandani na wenzao wote wanaotaka kazi ya kuajiriwa. Mifano mingi ni ya Tanzania. Wa Kenya na wanaoangalia Ghuba wana maswali yao huko chini.

Kazi yangu inaonekana kwa mikono. Wasifu wa nini?

Kwa kazi za mtaani, kweli huuhitaji. Fundi wa Gerezani au wa Keko, Dar es Salaam, anaitwa kwa jina lake na mteja anakuja ameelekezwa na mteja mwingine. Ila ukitaka kuingia kiwandani, mgodini, hotelini au kwenye mradi wa ujenzi, karatasi inafika mezani kabla yako.

Na karatasi hiyo inasomwa na watu wawili. Wa kwanza ni ofisa rasilimali watu, ambaye pengine hajui tofauti ya kontakta na sakiti breka. Yeye ameshika tangazo, anaangalia kama maneno yaliyomo yapo pia kwenye wasifu wako: kiwango cha cheti, miaka ya kazi, leseni. Wa pili ni msimamizi wa matengenezo au fomeni wa saiti. Huyu anajua kila kitu, hana muda, na anachotaka kujua ni kama akikuacha na mashine usiku ataikuta inazunguka asubuhi. Wasifu mwingi wa mafundi unaangushwa na huyu wa pili, kwa sababu umejaa sifa na hauna kazi.

Uwe wa kurasa ngapi?

Mbili. Kama umemaliza chuo juzi, mmoja unatosha. Nimeona wasifu wa kurasa sita wa fundi bomba, tatu kati yake zikiwa semina. Hakuna fomeni atakayefika huko.

Nianze na nini?

Jina kama lilivyo kwenye vyeti, fani yako, mahali unapoishi, namba mbili za simu na baruapepe. Simu ziwe mbili kwa sababu watu wa ufundi simu zetu huanguka, huzima, au ziko kwenye boksi la vifaa wakati unapigiwa. Namba ya pili iwe ya mtu anayepokea na anayejua unatafuta kazi.

Chini yake weka mistari mitatu inayosema wewe ni nani kikazi: "Fundi umeme wa viwandani, NVA III, miaka saba ya matengenezo ya mota na paneli. Leseni ya EWURA daraja C, hai. Nimezoea kazi za zamu." (NVA ni cheti cha taifa cha ufundi stadi; EWURA ni mdhibiti wa nishati na maji anayetoa leseni za mafundi umeme.) Baada ya hapo weka kazi ulizofanya, kuanzia ya karibuni. Kisha vyeti, vifaa na mashine unazozimudu, na mwisho wadhamini.

Steshenari nyingi zina fomu ya zamani inayoanza na "Taarifa binafsi": tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, mkoa wa kuzaliwa, idadi ya watoto. Nusu ya ukurasa wa kwanza inaisha hujasema hata kama unajua kushika spana.

Kazi nilizofanya niziandikeje? Nikiandika "fundi umeme 2019–2023" haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi kuliko popote.

Kila kazi iandikwe ikijibu haya: mahali gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, mashine au mfumo gani, ukubwa gani, wewe ulifanya nini kwa mkono wako, na nani alikuwa anakukagua. Ukubwa ndio wengi wanausahau. Kufunga umeme wa nyumba ya vyumba vitatu na kufunga umeme wa hoteli ya ghorofa nne vyote vinaitwa "wiring", lakini msimamizi anajua havilingani. Mpe namba ajipimie mwenyewe.

Tuchukue fundi umeme aliyeandika hivi: "Nilikuwa nafanya kazi zote za umeme kiwandani kwa bidii na uaminifu." Fundi huyohuyo angeweza kuandika:

*Fundi umeme, kiwanda cha maji ya kunywa, Mkuranga. Machi 2021 hadi Juni 2024.*
*Matengenezo ya mota za fezi tatu kuanzia 1.5 hadi 37 kW: kubadilisha beringi, kupima insulesheni, kuangalia joto na mtetemo.*
*Kufunga na kutafuta hitilafu kwenye paneli za sta-delta na za inveta.*
*Zamu ya usiku nikiwa fundi umeme pekee, na msaidizi mmoja.*
*Nilikuwa chini ya mhandisi wa matengenezo; kazi zote ziliingizwa kwenye daftari la matengenezo.*

Mstari wa zamu ya usiku una uzito kuliko "bidii na uaminifu", maana unaonyesha kuna mtu aliyekuamini kiwanda kizima.

Mchomeleaji naye aseme aina ya uchomeleaji (fimbo, MIG, TIG), chuma cha aina gani, unene wa bamba au kipenyo cha bomba, elektrodi, na mkao. Aliyezoea fimbo za E6013 kwenye mageti na grili ni fundi, hakuna anayembishia, lakini anayetafuta mtu wa kuchomelea matangi atamtafuta aliyeshika E7018 na anayejua kuwa fimbo hizo zinatakiwa zikae kwenye oveni zisinyonye unyevu. Ukiandika mkao wa 3G ina maana umesimamisha bamba. 4G ina maana umechomelea juu ya kichwa. 6G ni bomba lililolala kwa pembe ya digrii 45, halizungushwi. Usiandike 6G kwa sababu umeisikia. Jaribio lake ni la siku moja tu, na ukweli utajulikana kabla ya saa ya chakula.

Fundi wa magari makubwa ataje gari kwa jina na sehemu aliyoifungua: injini, giaboksi, difu, breki za upepo. Aseme pia kama anaweza kutumia kompyuta ya kusomea hitilafu au anapelekewa majibu na mtu mwingine. Mambo hayo mawili yana mishahara tofauti.

Niandike hata nilichokifanya kidogo?

Kiandike, na useme ni kidogo. "TIG: nimefanya chini ya usimamizi, mabomba ya chuma cha pua." Msimamizi mzuri hakatai fundi anayejifunza. Anayemkasirisha ni yule aliyejaza kila kitu kwa kiwango kimoja.

Sijawahi kuajiriwa. Miaka yote ni deiwaka na kazi za watu binafsi. Naweka nini?

Unaweka kazi hizo, ila zipangwe. Usiorodheshe nyumba moja moja; zikusanye chini ya kichwa kimoja, kwa mfano "Fundi bomba wa kujitegemea, Mwanza, 2018 hadi sasa". Chini yake chagua kazi tatu au nne kubwa au ngumu: ilikuwa jengo gani (shule, gesti, nyumba ya ghorofa), ulifunga nini, ilichukua muda gani, ulikuwa na wasaidizi wangapi. Uliyeajiri wasaidizi na kuwalipa, sema. Huo ni usimamizi hata kama hukuwahi kupewa cheo.

Kama ulikuwa deiwaka kwa mkandarasi, taja mradi na kampuni hata kama hukuwa na mkataba, na useme wazi kuwa ulilipwa kwa siku. Wenye miradi wanajua mfumo huo, wala si aibu. Aliyesukuma toroli kwenye saiti ya reli ya kisasa akajiandika "technician" ndiye atakayeulizwa maswali mawili yatakayommaliza.

Kisha kuna simu. Omba ruhusa kwa wateja wawili na fomeni mmoja uweke namba zao. Picha za kazi zinasaidia pia: nne au tano, zilizopigwa mchana, kabla na baada, kwenye ukurasa mmoja wa nyongeza, kila moja na maelezo ya mstari mmoja. Usiweke picha ya kazi ya mwenzako. Mafundi ni wachache kuliko unavyodhani, na picha za WhatsApp zinazunguka.

Ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ufundi cha VETA. Sina uzoefu wowote.

Una mafunzo ya vitendo kazini. Andika fildi yako kama kazi: mahali, miezi, ulichofanya kwa mkono na ulichotazama tu. Fungua logibuku yako uchukue humo. Wengi huiacha chini ya kitanda wakati ndiyo kumbukumbu pekee waliyonayo yenye sahihi ya msimamizi na muhuri wa kampuni. Ongeza vitu ulivyotengeneza chuoni na vipimo vyake. Aliyepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) aandike pia, hasa kama alifanya kazi za fani yake huko. Kampuni za ulinzi na migodi huangalia hilo, na baadhi ya matangazo ya serikali hulitaja.

NVA na Trade Test: kipi ni kikubwa? Mwajiri aliniambia cheti changu ni cha chini.

Huenda alichanganya. Trade Test ya zamani ilikwenda kwa madaraja kushuka: Grade III ndiyo ya kuanzia na Grade I ndiyo ya juu. NVA inakwenda kupanda: NVA I ya kuanzia, NVA III ya juu. Kwa hiyo "daraja la kwanza" la mzee mwenye Trade Test na "kiwango cha kwanza" cha kijana wa NVA ni ncha mbili tofauti, na si kila ofisa anajua.

Andika jina kamili la cheti, fani, mwaka na chuo au kituo cha mtihani, usiache namba ikisimama peke yake. Kama una Trade Test Grade I, ongeza maneno "daraja la juu" pembeni. Ni maneno matatu yanayoweza kukuokoa na kutupwa kando.

Fahamu pia unapoomba nafasi ya fundi sanifu: hiyo kwa kawaida inataka stashahada. NVA inakuweka kwenye nafasi za fundi mchundo. Soma tangazo kabla ya kupoteza nauli ya kwenda steshenari.

Nimejifunza gereji, sina cheti hata kimoja. Nidanganye?

Usidanganye. Kuna njia: VETA inaendesha urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unajiandikisha, unatathminiwa ukifanya kazi yako, yanaonekana maeneo uliyo dhaifu, unapewa mafunzo ya kuziba pengo, kisha unapimwa na kupewa cheti. Uliza kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nawe, kwa sababu fani na ratiba hutofautiana. Wakati unasubiri, andika kwenye wasifu: "Ujuzi umepatikana kazini, gereji ya magari makubwa, Mbeya, 2012 hadi 2020, nimejiandikisha kwa urasimishaji." Kama kweli umejiandikisha.

Leseni na mafunzo ya usalama niviweke wapi?

Juu, karibu na jina la fani, na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Fundi umeme wa Tanzania bila leseni ya EWURA anaruhusiwa kufanya mambo machache sana kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo daraja la leseni ni kitu cha kwanza ambacho mkandarasi wa umeme anakitafuta. Mafunzo ya OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), kama ya kufanya kazi kwenye kimo au huduma ya kwanza, yana thamani kubwa migodini na kwenye miradi. Leseni ya udereva iandike hata kama huombi kazi ya udereva. Fundi wa matengenezo anayeweza kuendesha pikapu ya kampuni anamrahisishia msimamizi maisha.

Mchomeleaji mwenye cheti cha mkao fulani akumbuke hili: kwa taratibu za ASME na AWS (viwango vya Marekani vya uhandisi na uchomeleaji) zinazotumika kwenye miradi mingi mikubwa, sifa hiyo inakufa ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kutumia aina hiyo ya uchomeleaji. Weka kumbukumbu iliyosainiwa na msimamizi kuonyesha umeendelea. Na cheti cha mradi mmoja hakikuondolei jaribio la mradi mwingine.

Jina langu kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) ni tofauti na la kwenye cheti.

Shughulikia kabla ya kuomba. Kupishana kwa herufi moja au jina la babu lililorukwa kunaweza kukutoa, hasa serikalini, hata kama ni wewe yuleyule mwenye sura ileile. Wenye majina yanayotofautiana hutakiwa kuwa na hati ya kubadili majina iliyosajiliwa, na kupata hati hiyo si kazi ya siku mbili. Kwenye wasifu tumia jina la vyeti, usiongeze jina la utani. "Fundi Masta" aliyejulikana mtaa mzima hakutambulika kwenye mfumo.

Wadhamini wawe nani?

Wawili au watatu, na angalau mmoja awe amekuona ukifanya kazi: fomeni, mkuu wa karakana, mwalimu wa fani. Mchungaji na sheikhe wanaweza kusema una tabia njema, jambo lenye faida yake, lakini hawajui kama mshono wako unavuja. Waombe kabla ya kuwaandika, na siku unapotuma maombi wajulishe: "Mzee, nimeomba kazi kiwanda fulani, huenda wakakupigia." Mdhamini anayepigiwa ghafla akajibu "nani huyo?" amekuharibia bila kukusudia.

Uliyetoka kazini kwa utaratibu, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Wengi hawakiombi, kisha miaka mitano baadaye kampuni imefungwa na hakuna wa kumuuliza.

Picha, dini, kabila, namba ya NIDA?

Picha ndogo weka ikiwa tangazo limeitaka. Dini na kabila acha. Namba ya NIDA, ya benki na nakala ya kitambulisho visiwe kwenye wasifu wa kugawa ovyo. Toa pale mfumo rasmi au mwajiri anayejulikana anapovihitaji. Wasifu unaotumwa kwenye makundi ya WhatsApp haujulikani unaishia kwa nani.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Fuata lugha ya tangazo. Limeandikwa kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yaani ya kazi za serikali, huruhusu barua kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kampuni za kigeni nyingi hutaka Kiingereza, na hapo kuna mtego: usiandikiwe Kiingereza ambacho huwezi kukisema. Ukiitwa kwenye usaili utaulizwa kwa lugha ya karatasi yako. Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinakubalika kabisa kwa fundi, kwa sababu nusu ya maneno yake ni majina ya vifaa unayoyatumia kila siku.

Mtu wa steshenari ananiandikia kila kitu. Kuna ubaya?

Kuchapa, hakuna. Kutunga ndiko kuna ubaya. Yeye ana wasifu mmoja anaobadilisha majina, na waajiri wa eneo hilo wameshauzoea: "mchapakazi, mbunifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo kubwa." Nenda na karatasi yako umeandika kwa mkono, mwambie achape hiyo. Soma kabla hajachapisha, hasa namba za simu. Mwombe akutumie faili kwenye baruapepe yako, siyo abaki nalo yeye, kwa sababu wasifu unabadilika kila unapoomba.

Barua ya maombi bado inasomwa?

Inasomwa na ofisa wa kwanza, haraka. Kwa fundi ina kazi moja: kuunganisha tangazo na kazi yako kwa aya tatu. Ukirudia wasifu mzima, umepoteza nafasi.

Mpangilio ni uleule tuliofundishwa shuleni: anwani yako juu kulia, tarehe, anwani ya mwajiri kushoto, YAH, mwili, sahihi. Ila mwili usianze na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hiyo haijawahi kumpa mtu kazi. "Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa" ina uzalendo wake, lakini kwa kiwanda cha rangi "Wako mwaminifu" inatosha.

Huu ni mfano wa mwili wa barua ya mchomeleaji:

*YAH: MAOMBI YA KAZI YA MCHOMELEAJI*

*Naomba kazi ya uchomeleaji mliyoitangaza tarehe 4 Mei. Nina NVA III ya uchomeleaji na uungaji vyuma na miaka sita ya kazi, minne kati yake kwenye karakana ya matangi ya malori ya mafuta.*

*Tangazo lenu linataka mtu wa kuchomelea bamba nene kwa kusimamisha na kwa juu ya kichwa. Ndiyo kazi ninayoifanya sasa: bamba la milimita 6 hadi 12, elektrodi E7018, mikao ya 3G na 4G, mishono ikipimwa kwa presha ya maji kabla ya tangi kutoka. Nasoma mchoro na kukata mwenyewe. TIG nimeifanya kidogo, chini ya usimamizi.*

*Naishi Kibaha na niko tayari kuhamia Tanga. Mwajiri wangu anahitaji taarifa ya siku 28. Naweza kuja kufanya jaribio siku yoyote mtakayopanga.*

Aya ya pili imechukua maneno ya tangazo na kuyajibu moja moja. Aya ya mwisho imejibu maswali ambayo mwajiri angelazimika kupiga simu kuuliza: uko wapi, utahama, lini unaweza kuanza. Na kujitolea kupimwa kunasema mengi kuliko aya nzima ya kujisifu.

Nitaje mshahara?

Usitaje, mpaka uulizwe. Ukiulizwa, jua kwanza kama kuna posho ya zamu, usafiri na chakula, maana laki sita na nyumba ya kampuni si sawa na laki saba na daladala tatu kwenda na kurudi.

Kuna tofauti gani kuomba serikalini?

Huko hakuna ujanja, kuna masharti. Maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na barua huwa na sahihi yako. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Umri kwa kawaida usizidi miaka 45 kwa wasio watumishi, wadhamini ni watatu, na waliosoma nje lazima vyeti vyao vihakikiwe na mamlaka husika. Jaza mfumo polepole, hakikisha nakala zinasomeka, usingoje siku ya mwisho. Siku ya mwisho mtandao huwa na watu wote walioisubiri siku hiyo.

Mimi niko Kenya. Nini kinabadilika?

Majina ya karatasi. Grade Test ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) inakwenda kama Trade Test ya zamani ya Tanzania, yaani Grade I ndiyo ya juu, kwa hiyo iandike kwa ukamilifu. Fundi umeme ataje leseni ya EPRA (mdhibiti wa nishati na petroli) na daraja lake. Fundi wa sola ataje daraja la leseni yake: T1, T2 au T3. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI (idara ya upelelezi) huombwa mara nyingi, kiwe tayari. Wasifu Kenya huandikwa kwa Kiingereza karibu kila mahali. Aliyefanya kazi jua kali aipange kama nilivyoeleza kwa wa deiwaka.

Nataka kwenda Oman, Qatar au Dubai kama fundi.

Wasifu uwe wa Kiingereza, wenye picha, uraia, na tarehe ya mwisho ya pasipoti. Fani iwe moja. Ukijiita fundi umeme, bomba, rangi na vigae kwa pamoja utapelekwa kuwa kibarua wa kila kitu kwa mshahara wa kibarua. Mara nyingi kuna jaribio la vitendo kabla ya viza. Wakala awe amesajiliwa. Upande wa Tanzania Bara uliza TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Anayekutaka utume pesa ya "fomu" kwa simu kabla hujaona mkataba, mzuie namba.

Nina pengo la miaka miwili. Nilirudi kijijini kulima.

Andika: "2020–2022: kilimo, Songea, pamoja na matengenezo ya pampu na mashine za kusaga kijijini", kama ulizitengeneza. Pengo lililoelezwa kwa mstari mmoja halina shida. Lililofichwa kwa kunyoosha tarehe za kazi nyingine linafumuka mdhamini akipigiwa.

Nitume vipi?

Kwa njia waliyoitaja. Kwa baruapepe, tuma PDF moja yenye barua, wasifu na vyeti kwa mpangilio huo, jina la faili likiwa jina lako na fani, siyo "CV mpya mpya 3". Andika kichwa cha ujumbe kama kilivyo kwenye tangazo. Vyeti skani, usipige picha ya simu juu ya kitanda chenye shuka la maua. Ukipeleka kwa mkono, mlinzi wa getini naye msalimie vizuri. Mara nyingi ndiye anayeamua bahasha yako inaingia leo au kesho.

Nimetuma, kimya. Nipige simu?

Kama tangazo halijakataza, piga mara moja baada ya wiki mbili, asubuhi ya katikati ya wiki. Jitambulishe, taja kazi uliyoomba na tarehe, uliza kama usaili umeshapangwa. Usiulize kwa nini hujaitwa. Na simu ikija, jiandae siku hiyohiyo: buti na ovaroli safi, vyeti halisi, na vifaa vyako vya mkononi ulivyozoea. Kwa usaili wa vitendo wengi huangalia unavyoanza. Fundi umeme aliyepima kwanza kama laini ina moto kabla ya kuigusa, na mchomeleaji aliyesafisha bamba kwa grainda kabla ya kuwasha fimbo, tayari wameshapata alama kabla kazi haijaanza.